Mwongozo kamili: Jinsi ya kupima uendelevu wa chuo chako, kuanzia mita ya maji hadi mshahara wa mlinzi

Kwa misimu mitatu sasa nimekuwa nikiletewa majedwali ya uendelevu, yaani ya jinsi chuo kinavyotumia maji na umeme, kinavyotupa taka na kinavyotendea watu wake, kutoka vyuo vya huku Mwanza na kando ya ziwa, na karibu yote yanakwama palepale. Picha za upandaji miti zipo, sera iliyosainiwa ipo. Lakini ukiuliza, "Mtu mmoja anatumia lita ngapi kwa siku?" au, "Mlinzi wa zamu ya usiku analipwa tarehe ngapi?", hakuna mwenye jibu. Mahali pa namba pamejazwa makadirio, na ukimuuliza tena mtu yuleyule wiki mbili baadaye anakupa namba nyingine.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa kazi hii juu ya kazi zake nyingine, hana bajeti ya maana, na anatakiwa atoe taarifa. Mara ya kwanza jipe wiki sita. Ukiharakisha utarudi nyuma.

## Andaa hivi kabla hujaanza

- Barua ya Makamu Mkuu wa Chuo au Mkuu wa Chuo inayokuruhusu kuomba takwimu idara zote. Bila hiyo utazungushwa mpaka msimu uishe.
- Watu watano: mmoja wa idara ya milki, mhasibu, mmoja wa ofisi ya usajili, na wanafunzi wawili, ambao mmoja wao awe anaishi bwenini.
- Mizani ya kuning'iniza ya kilo 100, kama ile wanayopimia samaki Mwaloni Kirumba. Ihakiki kwa katoni mpya ya maji yenye chupa 12 za lita 1.5. Lazima isome kilo 18 na ushee. Ikisoma 16, rudisha.
- Glovu nene, barakoa, buti, turubai moja kubwa na viroba vitupu 30.
- Futi kamba ya mita 30, ndoo ya lita 20 yenye alama, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Daftari la karatasi. Simu huishiwa chaji, na jalalani mikono huchafuka.
- Jedwali moja tu la kompyuta, linalotunzwa na mtu mmoja. Nakala tatu zikianza kuzunguka kwa WhatsApp, hakuna tena anayejua ipi ni ya kweli.

## Hatua ya 1: Jua unapimwa kwa mizani ya nani

Mifumo ya kupima iko mingi na haikubaliani. UI GreenMetric, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Indonesia tangu 2010, kwa miaka mingi uligawa alama 10,000 katika makundi sita: eneo na majengo asilimia 15, nishati na tabianchi 21, taka 18, maji 10, usafiri 18, elimu na utafiti 18. Ule wa Times Higher Education, jarida la Uingereza linalopanga vyuo kwa nafasi, ulianza 2019 na unafuata Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa. Humo lengo la 17 lilipewa asilimia 22 ya alama ya jumla, na malengo mengine matatu ambayo chuo kimefanya vizuri zaidi asilimia 26 kila moja. QS, kampuni nyingine inayopanga vyuo kwa nafasi, nao wanapima mazingira, jamii na utawala.

Sababu ya kuanza na hili ni kwamba swali hubeba jibu. Mfumo ulioyapa maji asilimia 10 haukuundwa na mtu anayeona magugu maji yakiziba gati. Mimi chuo kilicho ufukweni ningekipima maji kwa uzito mara mbili ya huo, na nakushauri uwe na ukurasa wako wa ndani unaofanya hivyo, hata kama fomu ya nje haiuulizi.

Angalizo: miongozo hubadilika. Pakua ule wa mwaka huu, uupe tarehe, uusome wote kabla hujakusanya chochote.

Umefanikiwa ikiwa unayo orodha ya viashiria visivyozidi 30, na mbele ya kila kimoja kuna jina la ofisi inayotunza takwimu hiyo.

## Hatua ya 2: Chora mpaka

Hapa ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Chuo kinaishia wapi? Getini? Je, tawi la mjini limo? Mgahawa unaoendeshwa na mkandarasi? Hosteli za watu binafsi zilizojengwa ukutani kabisa mwa chuo, ambazo wanafunzi ndio wapangaji wote?

Chukua ramani ya eneo, iweke mezani, na watu wako watano wachore mstari kwa kalamu nyekundu. Kanuni ninayotumia ni hii: kilicho chini ya amri ya chuo, au kinacholipiwa na chuo, kiko ndani. Mgahawa wa mkandarasi uko ndani, kwa sababu chuo ndicho kilichompa jengo na ndicho kinachoweza kumwekea masharti. Geto la mtaani liko nje, ila liandike kwenye ukurasa wa maelezo.

Kuna chuo kimoja kiliniletea taarifa ikionyesha taka zimepungua kwa nusu ndani ya mwaka. Nilifurahi sana. Kumbe mgahawa ulikuwa umekodishwa, na mtu akautoa kwenye hesabu. Mabaki ya ugali yalikuwa yaleyale, jalala lilelile.

Umefanikiwa ikiwa mstari huo una saini na tarehe, na mwakani hausogei bila sababu iliyoandikwa.

## Hatua ya 3: Tafuta kigawanyo sahihi

Kigawanyo ni ile idadi ya watu unayogawia maji, umeme na taka. Ukikosea hapa, kila namba inayofuata itakudanganya, hata kama mita zako ni nzima.

Tuchukue chuo cha mfano. Kimesajili wanafunzi 6,000. Wanaolala bwenini ni 1,400, wa kutwa ni 4,600. Masomo yanachukua wiki 34. Katika wiki hizo mita ya maji imehesabu meta za ujazo 29,700, yaani lita 29,700,000.

Njia ya mkato ni kugawa kwa watu 6,000 na siku 365. Unapata lita 13.6 kwa mtu kwa siku, na chuo kinaonekana hodari kuliko vyote. Lakini mwanafunzi wa kutwa haogi chuoni, na likizo hayupo kabisa.

Hesabu hivi badala yake:

- Wakaazi: 1,400 × siku 238 (wiki 34 × 7) = siku-watu 333,200.
- Wa kutwa: 4,600 × siku 170 (wiki 34 × 5) = 782,000. Gawa kwa 3, kwa kuwa wanakaa chuoni kama theluthi ya siku: 260,667.
- Jumla: siku-watu 593,867.

Lita 29,700,000 ukigawa kwa hizo unapata lita 50. Maji ni yaleyale, chuo ni kilekile, ila picha imegeuka kabisa. Wafanyakazi nimewaacha ili hesabu ionekane vizuri. Wewe waongeze kwa njia ya wale wa kutwa.

Umefanikiwa ikiwa ofisi ya usajili imekupa idadi ya waliopo kweli, siyo waliodahiliwa. Tofauti yake mwezi Novemba huwa kubwa.

## Hatua ya 4: Umeme na mafuta

Risiti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zinaonyesha uniti ulizonunua, siyo ulizotumia. Mhasibu akinunua uniti nyingi Desemba kumaliza fungu la bajeti, mwezi huo utaonekana mlafi na Januari itaonekana takatifu. Kwa hiyo soma salio kwenye mita yenyewe siku ya kwanza na siku ya mwisho, kisha: salio la mwanzo, jumlisha uniti zilizonunuliwa, toa salio la mwisho.

Tembelea kila mita. Utakuta mita ambayo haimo kwenye orodha ya mtu yeyote, mara nyingi nyuma ya karakana au kwenye nyumba ya pampu.

Jenereta na magari ni rahisi zaidi kama kitabu cha mafuta kinatunzwa. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.68 za hewa ukaa, na ya petroli takribani 2.3. Jenereta iliyokunywa lita 1,200 kwa mwaka imetoa kilo 3,216, yaani tani 3.2.

Kwa umeme wa gridi usiazime kizidisho (kilo za hewa ukaa kwa kila uniti) cha Uingereza wala cha nchi jirani. Tafuta cha Tanzania na uandike ni cha mwaka gani. Tangu 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, imeanza kuingiza umeme kwenye gridi, kwa hiyo kizidisho cha zamani kitakubebesha hewa ukaa isiyokuwepo.

Kuni na mkaa wa jikoni vipime kwa mizani, usihesabu magunia. Gunia la mkaa halina uzito mmoja. Lile lenye "kilemba" juu linaweza kuzidi jingine kwa kilo nyingi. Viandike kwenye mstari wao peke yake, usichanganye na dizeli.

## Hatua ya 5: Maji, na kinachorudi ziwani

Kama unapata maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, una mita. Isome mwenyewe kila tarehe 1 na piga picha ya namba. Ankara zingine huwa za makadirio, na mwezi mmoja wa makadirio huvuruga mwaka.

Kama chuo kinavuta maji yake ziwani au kisimani bila mita, usikate tamaa. Funga njia ya kutoka ya tangi tupu la lita 10,000, washa pampu, hesabu dakika mpaka lijae. Likijaa kwa dakika 50, pampu inatoa lita 200 kwa dakika. Kuanzia hapo kinachohitajika ni mtu wa pampu aandike saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Rudia jaribio kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu pampu huchoka.

Jaribio la usiku. Hili nalipenda kuliko yote, maana halina gharama na matokeo yake huonekana mwezi uleule. Soma mita saa 8 usiku, isome tena saa 10 alfajiri, watu wakiwa wamelala. Mita ikisogea meta za ujazo 2, umepoteza lita 1,000 kila saa. Kwa siku nzima ni lita 24,000, zinazopita kwenye bomba lililopasuka chini ya mwamba au choo kisichofunga.

Angalizo: maji yakija kwa mgao, matangi hujazwa usiku. Pima kina cha tangi mwanzo na mwisho, ukitoe kilichoingia. La sivyo utafukua bomba zima bure.

Sasa upande wa pili. Ni rahisi kuuliza maji yanayoingia na kusahau yanayotoka. Huku kwetu hilo ni kosa kubwa. Naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye maji taka ndiyo mbolea ya magugu maji na ya ule utando wa kijani. Fuata mtaro kwa miguu mpaka mwisho wake, mvua ikiwa imekatika, na uone unamwaga wapi. Usipime kwa macho wala kwa harufu. Chukua sampuli, peleka maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji hapa Mwanza, na waulize kabla namna ya kuichukua na chupa ya kutumia, kwa sababu sampuli iliyokaa juani haina maana tena.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema: yameingia kiasi hiki, yamevuja kiasi hiki, yametoka hapa yakiwa na hali hii.

## Hatua ya 6: Taka, siku saba mfululizo

Siku moja haitoshi. Jumatatu jalala lina mabaki ya wikendi, Ijumaa kuna karatasi, na siku ya mahafali ni chupa na visahani. Pima siku saba, mara mbili kwa mwaka: wiki moja masomo yakiwa yamepamba moto, nyingine wakati wa likizo.

Tandika turubai. Mwaga, chambua, jaza viroba, ning'iniza, andika. Mafungu matano yanatosha: mabaki ya chakula, plastiki, karatasi na maboksi, chuma na chupa za kioo, na mengineyo. Anzeni saa 12 asubuhi, kabla jua halijapanda na kongoti hawajatua. Taka zikinyeshewa zifunike na uzipime kando, kwa sababu maji ya mvua yataingia kwenye kilo zako.

Mara yangu ya kwanza kupima, fungu la plastiki lilitoka dogo ajabu. Siku mbili, siku tatu, kilo chache tu. Nilikuwa tayari nimeanza kuandika kwamba wanafunzi wameacha chupa. Siku ya nne nikafika saa 11 alfajiri, bado giza, nikamkuta mama mmoja ameinama juu ya pipa na kiroba kimejaa mpaka shingoni. Hakushtuka. Aliniangalia na mizani yangu begani, akasema, "Mwanangu, hizo zangu hujazipima."

Kiroba chake kilikuwa na kilo 9. Alizijua kabla sijakiinua, kwa sababu ndizo anazouza. Alikuja kila siku, na wenzake wawili. Urejelezaji wote wa chuo kile ulikuwa mgongoni mwa watu watatu ambao hawakuwa kwenye taarifa yoyote.

Kwa hiyo: watafute waokota chupa kabla ya wiki ya kupima. Waeleze, waombe, wapimieni viroba vyao na kuwarudishia palepale. Msiwafukuze, msichukue hata chupa moja. Kisha waandike kwenye taarifa kama kazi inayofanyika, na muulize chuo kinawapa nini: glovu, maji ya kunawa, ruhusa ya kupita getini bila kusumbuliwa?

Wafuga nguruwe wanaochukua mabaki ya jikoni nao wahesabu hivyohivyo.

Angalizo kubwa: kama chuo kina zahanati, maabara au mafunzo ya tiba, usiguse taka zake. Sindano na damu hupimwa na waliofunzwa, kwenye visanduku vyao vya usalama. Wewe omba rejista.

## Hatua ya 7: Usafiri

Hii ipite haraka. Simama getini siku tatu za kawaida, saa 1 hadi 3 asubuhi, hesabu wanaoingia kwa miguu, bodaboda, bajaji, daladala na gari binafsi. Uliza watu 200 wanatoka wapi. Inatosha.

## Hatua ya 8: Upande wa jamii

Huku hakuna mita, ndiyo maana vyuo vingi vinaandika insha. Kumbe vitu vingi vinahesabika vizuri kabisa.

Walinzi na wasafishaji. Mara nyingi wameajiriwa na mkandarasi, na chuo husema "si wetu". Kwa mpaka wa Hatua ya 2, ni wetu. Uliza vitu vitatu: wangapi wana mkataba wa maandishi, mshahara wa miezi 12 iliyopita uliingia tarehe zipi, na michango ya NSSF imepelekwa? Ongea nao msimamizi akiwa hayupo. Usiandike jina la mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana, na hata isingekuwepo, mtu anaweza kupoteza kibarua kwa sababu ya jedwali lako. Kundi lenye watu pungufu ya watano usilitolee namba peke yake.

Wanawake kwa cheo. "Asilimia 40 ya wafanyakazi ni wanawake" haisemi kitu. Tenganisha: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Angalia wanapoanza kupungua.

Walioacha masomo. Chukua majina ya waliokuwa mwaka wa kwanza mwaka juzi, linganisha na ya waliokuwa mwaka wa pili mwaka jana. Walioahirisha rasmi waweke pembeni. Wengine wasioonekana tena wapigiwe simu na mtu mwenye sauti ya upole, wakiambiwa kwanza wana haki ya kutojibu. Wengi watakwambia ada, wengine ujauzito, wengine mkopo haukutosha. Namba hii inauma, na ndiyo inayosema ukweli kuliko zote kuhusu chuo kama sehemu ya jamii yake.

Wenye ulemavu. Mwanza ni jiji la miamba, ngazi ziko kila mahali. Pima kila njia ya mteremko kwa futi kamba: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za mlalo. Kizingiti cha sentimita 45 kinataka njia ya mita 5.4. Nyingi nilizopima ni fupi mno, zimejengwa ili zipigwe picha. Kisha fuatana na mwanafunzi anayetumia kiti mwendo kutoka bwenini hadi maktaba hadi chooni, mkiandika kila mahali alipohitaji kusukumwa.

Dawati la jinsia, linalopokea malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia. Hapa watu hukosea kusoma namba. Malalamiko yakipanda kutoka 2 hadi 15, usikimbilie kuandika kwamba hali imeharibika. Huenda watu wameanza kuliamini dawati. Sifuri ndiyo ya kutilia shaka. Hesabu malalamiko yaliyopokelewa, siku mpaka kufungwa, na wangapi walirudishiwa jibu.

Taa. Saa 3 usiku, tembea kutoka maktaba hadi bweni la wasichana. Hesabu nguzo zenye taa na zile zinazowaka. Wanafunzi watakuonyesha pale wanapokimbia.

## Hatua ya 9: Ushahidi

Kila namba iwe na faili lake: picha ya mita, risiti, ukurasa wa daftari, barua. Faili lipewe jina la kiashiria na tarehe, siyo "picha mpya 2". Mahali ambapo huna takwimu andika "haijapimwa". Kwa macho ya mhakiki, na kwa haki ya wanafunzi watakaoisoma, hiyo ni bora kuliko kadirio lililovaa suti.

## Hatua ya 10: Mpe mtu wa pili

Mtafute mfanyakazi ambaye hakuwa kwenye timu. Mpe folda na jedwali tupu, mwombe akokotoe upya namba tatu: lita kwa mtu kwa siku, kilo za taka kwa wiki, na asilimia ya wasafishaji wenye mikataba. Usimsaidie wala usikae naye chumbani.

Akitofautiana nawe kwa zaidi ya asilimia 5, tatizo liko kwenye maelezo yako au kwenye kigawanyo. Rudi Hatua ya 3 kwanza. Mara nyingi ni hapo. Akifika palepale, taarifa iko tayari kutumwa.

Kabla hujatuma, bandika ukurasa mmoja wa namba hizo mgahawani na mwingine kwenye kibanda cha walinzi, kwa Kiswahili, kwa wiki moja, na kalamu ining'inie pembeni. Katika chuo kimoja msafishaji aliandika chini ya mstari wa maji: "Choo cha ghorofa ya pili kinavuja tangu Pasaka." Fundi alikwenda mchana huohuo, na jaribio la usiku lililofuata mita haikusogea.